Una ndoto ya kufufua Datsun ya zamani? Panga pesa kabla ya kushika spana

Ukitoka Rongo kuelekea Homa Bay, au ukipita Oyugis ukishuka Kendu Bay, angalia vizuri kwenye maboma ya wazee. Kuna mahali utaona gari limelala chini ya mwembe, tairi zimeisha upepo, kuku wametaga kwenye kiti cha nyuma. Ni Datsun, au Corolla ya miaka ile, au Lancer. Kwa jirani ni chuma chakavu. Kwa mpenzi wa magari ya zamani, hiyo ni dhahabu kuliko ile inayochimbwa Macalder.

Kufufua gari la michezo la Kijapani ni burudani tamu, lakini pia ni burudani inayokula pesa kimyakimya: elfu mbili hapa, elfu tano pale, zote kwa simu. Katika somo la leo tunakuonyesha jinsi ya kununua, kulipa fundi na kuagiza spea bila kujuta. Hata kama hupendi magari, soma. Mambo haya haya yanafaa ukijenga nyumba au ukinunua ng'ombe.

Mapenzi haya yalitoka wapi?

Yalitoka kwa Safari Rally. Zamani, Pasaka bila Safari haikuwa Pasaka. Mwaka 1970 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda wakiwa na Datsun 1600 SSS, na 1971 wakarudia na Datsun 240Z, gari la milango miwili lenye injini ya silinda sita. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda na 240Z. Joginder Singh akachukua 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Colt Lancer. Halafu Mehta akarudi na Datsun Violet, ile tuliyoizoea kama 160J, akashinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Toyota Celica nazo zikatawala 1984, 1985 na 1986.

Gari la mashindano lilikuwa limebadilishwa sana, lakini ndugu yake wa kawaida aliuzwa kwa walimu, makarani na wafanyabiashara. Ndiyo maana mpaka leo unaweza kukuta 160J bomani.

Kuna sababu nyingine ya kutafuta hapa nyumbani. Kwa kanuni ya kawaida, gari lililotumika haliingizwi Kenya likiwa limepita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa hivyo usitegemee kuagiza 240Z kutoka Japani kama unavyoagiza Demio. Magari ya zamani tuliyo nayo ndiyo haya haya, na kila moja likikatwa kuwa vyuma, limeisha.

Mfano: mwalimu wa Awendo na gari la marehemu

Hebu tuchukue mfano. Mwalimu mmoja wa Awendo anaona picha ya Datsun 160J kwenye kikundi cha WhatsApp. Gari liko boma moja karibu na Kendu Bay. Bei ni Sh 120,000. Anaenda Jumamosi, anakutana na kijana mkubwa wa boma.

"Mzee alituacha, na mimi ndiye mkubwa," kijana anamwambia. "Nitumie 40 nikushikie. Kuna mtu wa Kisii anakuja kesho."

Mwalimu anaogopa mtu wa Kisii. Anatuma Sh 40,000 papo hapo, amesimama chini ya mwembe. Anarudi nyumbani akiimba.

Baada ya wiki mbili anakuja na lori la kubebea. Mlangoni anamkuta mama mwenye boma.

"Japuonj, karibu. Lakini unabeba nini hapa?"

"Mama, nimekuja kuchukua gari. Nilishalipa arubuni."

"Ulimlipa nani? Gari la mzee halijauzwa. Nina watoto watano, na hatujakaa chini."

Angalia vizuri: kijana si tapeli wa mtandaoni. Ni mwana wa boma, gari lipo, na ujumbe wa malipo unaonyesha jina lake halisi. Hata hivyo hakuwa na haki ya kuuza. Kwa Sheria ya Urithi ya Kenya, mali ya marehemu haiuzwi na yeyote mpaka mahakama imteue msimamizi. Anayeiuza kabla ya hapo anavunja sheria, na wewe mnunuzi unabaki na gari usiloweza kuliandikisha kwa jina lako.

Mwalimu alirudishiwa pesa zake kwa mafungu, Sh 5,000 kila mwezi, miezi minane. Lori alililipia bure. Na mke wake alijua siku hiyo kwamba kati ya zile Sh 40,000 kulikuwa na karo ya mtoto.

Tukitembea hatua kwa hatua, utaona ni wapi angeweza kusimama.

Hatua ya 1: Karatasi kwanza, pesa baadaye

Omba kuona logbook. Linganisha namba ya chesi na namba ya injini iliyoandikwa humo na zile zilizogongwa kwenye gari lenyewe. Usikubali picha peke yake. Futa vumbi, soma kwa macho yako.

Kisha tafuta rekodi ya gari NTSA kupitia eCitizen. Malipo ya serikali huenda kwa Paybill 222222. Mtu akikuambia umtumie "ada ya NTSA" kwa namba yake binafsi, simama hapo hapo. Ikiwa rekodi za gari hazijaingia kwenye mfumo, au injini ilibadilishwa na logbook haijui, muuzaji ndiye arekebishe kabla hujatoa hata shilingi.

Mwenye gari akiwa amefariki, omba kuona hati ya mahakama inayomtaja msimamizi wa mali. Kama haipo, mwambie mama wa boma kwa heshima kwamba uko tayari kusubiri. Gari lililokaa miaka 20 chini ya mwembe litakaa miezi mingine sita.

Na kwa walio upande wa Migori: gari la bei rahisi lenye namba ya Tanzania linalouzwa Isebania lina mtego. Kuvuka mpaka kunadai ushuru, na ile kanuni ya miaka 8 inakusubiri.

Hatua ya 2: Gonga bodi kabla ya kugonga PIN

Injini ya 160J, ile ya silinda nne ya sentimita za ujazo 1,595, fundi mzoefu anaweza kuifungua na kuifunga. Kutu ndiyo adui. Gari hili halina fremu ya chuma kama lori. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu. Bodi ikioza, hakuna gari.

Inua zulia utazame sakafu. Tazama chini ya betri, kingo za chini za milango, sakafu ya buti, na pale juu shokomzoba za mbele zinaposhikwa. Bonyeza kwa bisibisi: ikizama, umepata tundu. Chukua sumaku ndogo, ifunge kwa kitambaa, ipitishe kwenye bodi. Mahali isiposhika, chini ya rangi kuna kiraka cha kupaka, si chuma.

Andika kila ulichokiona, halafu ndipo mzungumze bei.

Hatua ya 3: Arubuni ndogo, maandishi makubwa

Ukiridhika, lipa arubuni ambayo hata ikipotea hutalala njaa. Andikeni makubaliano: majina, namba za vitambulisho, namba ya chesi, bei, kiasi kilicholipwa, na tarehe ya kumaliza. Awepo shahidi kila upande.

Kabla ya kuweka namba ya siri, soma jina linalotokea kwenye simu. Je, ni lile la kwenye logbook au hati ya mahakama? Ukisikia "tuma kwa hii ya shemeji yangu, yangu imejaa," usitume. Salio linalobaki, lilipe siku mnayobadilisha umiliki kwenye mfumo wa NTSA, mkiwa pamoja. Muamala mmoja wa simu una kikomo cha Sh 250,000, kwa hivyo gari la bei kubwa lipange mapema badala ya kuhangaika siku yenyewe.

Hatua ya 4: Bajeti ya kweli, si ya matumaini

Bei ya kununua ni mlango tu. Hapa kuna bajeti ya mfano. Zako zitatofautiana, lakini umbo ni hili:

- Breki, usukani na bushi: Sh 35,000
- Kuchomelea bodi: Sh 60,000
- Injini, klachi na kabureta: Sh 70,000
- Nyaya na taa: Sh 20,000
- Tairi nne: Sh 32,000
- Rangi: Sh 60,000
- Bima na karatasi: Sh 15,000

Jumla ni Sh 292,000. Ongeza moja ya tano ya dharura, maana ukifungua gari la zamani hukosi kupata jingine la kutengeneza. Sasa uko karibu na Sh 350,000. Mwalimu wetu akiweka Sh 12,000 kila mwezi, atamaliza kwa miezi 29, karibu miaka miwili na nusu. Ukiona muda huo ni mrefu, afadhali ujue leo, kabla gari halijafunguliwa vipande vipande na kubaki hivyo.

Fungua akiba tofauti kwenye simu yako kwa ajili ya gari tu. Weka siku ile mshahara unaingia, baada ya karo na chakula. Ikiisha, kazi isimame mpaka mwezi ujao. Na usikope kwa simu kununua spea za burudani. Tunasema hivyo tukijua kwamba sisi pia tunatoa huduma za mkopo. Mkopo wa siku 30 haujui kwamba rangi haijakauka.

Fuata mpangilio huo wa orodha. Wengi huanza na rangi na rimu kwa sababu zinapendeza kwenye picha. Halafu mchomeleaji anakuja, moto unaunguza rangi mpya, na pesa inalipwa mara mbili. Anza na kusimama, yaani breki. Kisha bodi, kisha kutembea. Urembo uje mwisho.

Hatua ya 5: Fundi alipwe kazi, si ahadi

Mafundi wetu wa jua kali wana mikono ya ajabu. Wanakunja bati mpaka ukingo wa mlango unarudi kama ulivyotoka Japani. Ugomvi huja kwa sababu hamkukubaliana mapema.

Gawa kazi mafungu matatu. Vifaa lipa mwenyewe moja kwa moja kwa duka kupitia namba ya Till. Kwa kawaida mteja halipi ada hapo, na risiti inabaki kwa jina la duka. Fundi mpe sehemu ya kuanzia, sehemu kazi ikifika nusu, na ya mwisho baada ya kuendesha gari na kurudi salama. Malipo yakiwa ya kutuma kwa namba ya mtu, tuma fungu moja badala ya vijisehemu kumi. Ada za kutuma hujumlika.

Kila mara unapolipa, hifadhi ujumbe wa uthibitisho, halafu andika kwenye daftari ilikuwa ya nini. Mwisho wa mwezi chukua taarifa ya akaunti ulinganishe. Ukisahau kwamba ulishalipia gasketi, taarifa haisahau.

Hatua ya 6: Spea za mbali

Raba za breki, poiti na vioo vya taa vya 160J huenda usivipate Migori mjini. Utapiga simu Kisumu, au Kirinyaga Road, Nairobi. Muuzaji usiyemjua, mwombe picha ya kifaa kikiwa kando ya karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo. Ukiwa na jamaa mjini, akakague, ndipo ulipe kwa Till ya duka. Kifurushi kikifika stendi, kifungue mbele ya karani.

Ukikosea namba, ripoti mara moja kwa kituo rasmi cha wateja. Pesa ikishatolewa na aliyeipokea, kuirudisha ni kazi ngumu. Na hakuna mfanyakazi wetu atakayekuuliza namba yako ya siri.

Mwisho wa mfano wetu

Mwalimu hakukata tamaa. Alimngoja mama na watoto wake mpaka hati ya mahakama ikatoka. Safari hii alikwenda na mke wake. Mama mwenyewe ndiye aliyeteuliwa msimamizi, na jina lake ndilo lililotokea kwenye simu. Bei ilishuka hadi Sh 100,000 baada ya sumaku kusema ukweli kuhusu milango.

Leo Datsun ina breki, sakafu mpya na injini inayonguruma. Rangi bado, ina mabaka ya kijivu kila mahali. Lakini inasimama inapoambiwa isimame, na karo imelipwa.

Kumbuka haya matano:

1. Logbook au hati ya mahakama kabla ya arubuni.
2. Soma jina kwenye simu kabla ya namba ya siri.
3. Breki kwanza, rangi mwisho.
4. Lipa kazi iliyokamilika, na uhifadhi kila ujumbe.
5. Burudani hulipwa kwa akiba.

Una gari la mzee bomani? Kaeni chini kama familia kabla mtu wa vyuma chakavu hajapita. Na ukifanikiwa kulifufua, kuna East African Safari Classic Rally, ambapo Datsun za miaka ile bado zinatimua vumbi, na Concours d'Elegance kule Nairobi ambako magari ya zamani hupangwa yakipimwa usafi na uhalisi. Pengine siku moja tutaiona yako pale, na namba zake za kabla ya KAA.