Taa za Pikapu Yako: Soma Hapa Kabla Hujanunua Balbu Kali



Najua ulitegemea leo tuendelee na kantangaze kwenye nyanya. Tutarudi huko. Leo naomba tuongee taa za gari, na utauliza bwana shamba na taa za gari wapi na wapi. Subiri kidogo utaona.

Wengi wenu mmeshavuka ile hatua ya kumsubiri dalali shambani. Mna kirikuu, au Hilux ya zamani mliyonunua kwa kuchangishana, na mzigo mnaupeleka wenyewe. Nyanya inavunwa mchana Ilula, inapakiwa jioni, safari ni usiku: Kitonga, Ruaha Mbuyuni, hifadhi ya Mikumi, ili alfajiri matenga yawe Ilala. Yaani sehemu kubwa ya faida yako inategemea taa mbili za mbele.

Kijana mmoja ninayemhudumia aliingia nyuma ya lori bovu lililosimama barabarani bila taa. Matawi ya tahadhari yalikuwepo, ila yaliwekwa hatua chache tu kutoka kwenye lori. Amepona, ashukuriwe Mungu, ila mguu ulivunjika na nyanya zote ziliishia mtaroni. Nilipoenda kumwona aliniambia, "Bwana shamba, taa zangu zilikuwa mpya. Nyeupe kabisa, kama mchana." Maneno hayo ndiyo yamenifanya niandike somo hili. Taa mpya, nyeupe kama mchana, na lori hakuliona.

Kwanza tufanye hesabu ndogo. Ukienda kilomita 80 kwa saa, gari linakula mita 22 kila sekunde. Tangu jicho lione kitu hadi mguu ukanyage breki, weka sekunde moja na nusu. Tayari mita 33 zimekwenda. Breki nzuri kwenye lami kavu inahitaji mita nyingine kama 35. Jumla karibu mita 70, na hapo gari halina mzigo. Sasa taa za dimu za gari nyingi tunazoendesha zinaonyesha vizuri mita 50 au 60 hivi. Kwa hiyo ukiwa kwenye dimu unakimbia kuliko unavyoona. Ukishuka hadi 60, hesabu inakuwa karibu mita 45, unaingia ndani ya mwanga wako.

Tatizo la yule kijana ni kwamba balbu zake za LED za bei poa zilimwaga mwanga mwingi sana hapa karibu, mita 10 au 15 mbele ya bampa. Lami iling'aa kweli. Lakini jicho likikutana na mwanga mkali karibu, mboni inajibana, na kule mbali penye giza ndipo unapoona kidogo zaidi. Dereva anajisikia salama huku anaona umbali mfupi kuliko zamani.

Kwa hiyo kabla ya kwenda Kariakoo kununua balbu, angalia kama mwanga uliolipia tayari unafika barabarani. Kwenye gari kuukuu mara nyingi haufiki wote.

Anza na kioo cha taa. Siku hizi si kioo, ni plastiki, na jua letu linaifanya iwe ya njano na yenye ukungu. Ukiweka balbu kali nyuma ya plastiki ya njano, mwanga unatawanyika na kumpofusha anayekuja, wewe huoni cha maana. Wapo wanaosugua kwa dawa ya meno. Inasaidia siku chache. Njia ya kudumu ni msasa wa maji, anza na namba 1000, kisha 2000, kisha 3000, halafu polishi, halafu upake klia ya rangi ya magari inayozuia jua. Usipopaka hiyo ya mwisho, unjano unarudi upesi kuliko mwanzo, maana umeondoa ngozi ya kinga iliyotoka nayo kiwandani. Fundi rangi yeyote anaifanya asubuhi moja.

Pili ni umeme, na hapa naomba utulie, kwa sababu ndipo penye siri.

Balbu ya kawaida ya halojeni ya H4, ile yenye miguu mitatu nyuma iliyo kwenye pikapu nyingi za zamani, ni wati 60 kwenye fuli na 55 kwenye dimu. Ndani yake kuna nyuzi mbili. Uzi huo unadai volti zake zote. Ukiupunguzia asilimia 5 tu ya volti, unapoteza kama asilimia 16 ya mwanga. Ukipunguza asilimia 10, karibu asilimia 30 ya mwanga imekwenda. Gari la miaka 25 lina waya uliochoka, swichi iliyochakaa, na ethi iliyoshika kutu pale inapofungwa kwenye bodi, na kila kimoja kinakula kidogo.

Kupima ni rahisi. Washa injini, washa taa, chukua mita ya kupimia umeme. Pima kwenye betri, tuseme unapata 13.8. Kisha pima kwenye ncha za balbu yenyewe huku inawaka. Ukipata 13.4, huna shida. Ukipata 12.3, umepoteza volti moja na nusu njiani, na theluthi ya mwanga wako inapasha waya joto badala ya kumulika barabara. Safisha ethi kwa msasa, kaza, pima tena. Ikigoma, mwambie fundi umeme akufungie rilei mbili: umeme mzito utoke moja kwa moja kwenye betri kupitia fyuzi yake, uende kwenye taa kwa waya mnene, na ule waya wa zamani ubaki na kazi ya kuamsha rilei tu. Mkumbushe kuwa baadhi ya Toyota za zamani swichi ya taa inakata upande wa ethi, siyo upande wa chanya. Fundi asiyejua hilo atashinda siku nzima akikuna kichwa.

Mimi mwenyewe sikuanza hivyo. Nilianza kwa ujanja. Miaka ile nilikuwa na Hilux, nikaona taa hafifu, nikaenda duka moja la spea nikauziwa balbu za wati 100 kwa 90. Muuzaji aliniambia "weka tu, zinaingia," na kweli ziliingia. Siku ya kwanza nilifurahi kama mtoto. Wiki ya tatu, usiku, nimebeba vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni, nikasikia harufu ya plastiki. Nikadhani ni lori lililo mbele yangu. Nilipoanza kuteremka kwenye kona, taa zote mbili zikazimika kwa pamoja. Nawaambia, giza lile lina uzito. Nilisimama kwa kukumbuka barabara ilivyokuwa sekunde moja kabla. Asubuhi tulipofungua, plagi ya taa ya kushoto ilikuwa imeyeyuka na kushikana na balbu, na swichi ya kwenye usukani imeungua ndani.

Hesabu yake sikuwa nimeipiga. Wati 100 gawa kwa volti 12 ni zaidi ya ampea 8 kwa balbu moja, karibu 17 kwa mbili. Balbu za kawaida kwenye fuli ni ampea 10 kwa zote mbili. Waya na swichi za kiwandani zilitengenezwa kwa hizo 10. Na ukiona fyuzi inakatika kila mara, usiweke kubwa zaidi, wala usiunge na kipande cha waya. Fyuzi inakwambia kitu. Magari yanayoungua yenyewe njiani, mengine yanaanzia hapo.

Sasa tuje kwenye balbu zenyewe, maana najua ndizo unazozisubiri.

Kama kioo ni safi, volti zinafika, na bado unataka zaidi, kuna halojeni zilizoboreshwa zenye wati zilezile 60 kwa 55. Zile zimeandikwa kwenye boksi "zaidi kwa asilimia 100" au 130. Usisome kama mwanga wote umeongezeka mara mbili, hapana. Uzi wake umefungwa kwa usahihi zaidi na unawaka kwa joto kubwa zaidi, kwa hiyo mwanga mwingi unapelekwa mbali, pale unapouhitaji. Gharama yake ni umri: zinakufa mapema kuliko za kawaida. Kwa mtu anayesafiri usiku na mzigo, mimi naona inalipa. Nunua mbili, funga mbili, na usishike kioo chake kwa vidole, mafuta ya ngozi yanakipasua kikipata moto. Balbu za zamani nazo huchoka. Ukiona kioo chake kimeanza kuwa cheusi ndani, itoe hata kama bado inawaka.

Zile zilizopakwa rangi ya bluu ili zionekane kama za gari la kisasa, achana nazo. Rangi inazuia mwanga. Na kwenye ukungu wa Njombe au vumbi la barabara ya shamba, mwanga wa kibluu unakurudia usoni kama ukuta. Xenoni za kufungia kwenye taa za halojeni nazo ni hivyohivyo: mwanga mwingi, usio na adabu.

LED sizikatai. Zinakula umeme kidogo, na zikiwa nzuri zinamulika vizuri. Shida ni kwamba taa yako ilichorwa kwa ajili ya uzi mwembamba uliokaa mahali pamoja maalumu. Kwenye H4, chini ya uzi wa dimu kuna kikombe kidogo cha chuma kinachozuia mwanga usipande juu. LED isipoweka mwanga wake palepale, na isipokuwa na kizuizi kama hicho, taa inamwaga ovyo. Tena nyingi zina feni ndogo nyuma. Vumbi la barabara za mashambani linaijaza, feni inakwama, balbu inaungua. Na kwa sababu ile feni ni nene, wengi wanaacha wazi mpira wa nyuma wa taa, maji yanaingia. Lumeni zilizoandikwa kwenye boksi usiziamini, ukuta ndio utakaokwambia.

Ukuta unautumia hivi. Tafuta sehemu tambarare, matairi yawe na upepo sahihi, mtu akae kwenye kiti cha dereva. Sogeza gari hadi karibu na ukuta, weka alama ya chaki usawa wa katikati ya kila taa. Rudi nyuma mita 5, washa dimu. Utaona mstari: juu giza, chini mwanga, na upande wa kushoto mstari unapanda kidogo ili uone ukingo wa barabara. (Magari ya Japani yanatufaa kwa hili, wao pia wanaendesha kushoto. Ukiletewa taa za gari la nchi wanakoendesha kulia, mstari unapandia kwa anayekuja.) Sehemu bapa ya mstari inatakiwa iwe sentimita 5 chini ya chaki. Nyuma ya taa kuna skrubu za kupandisha na kushusha, bisibisi ya nyota inatosha. Ukifunga LED na ule mstari ukapotea, mwanga umetapakaa ukuta mzima, itoe urudishe dukani. Hiyo siyo balbu ya gari lako.

Jambo la mwisho ndilo linalotuhusu sisi wakulima kuliko dereva wa mjini. Pima ukiwa umepakia.

Chukua pikapu yenye mita 2.85 kati ya gurudumu la mbele na la nyuma. Ukipakia matenga, nyuma ikashuka sentimita 5 kuliko mbele, mwanga unapanda sentimita 17 na nusu kwa kila mita 10. Ule mstari uliokuwa sentimita 10 chini kwa umbali wa mita 10, sasa uko sentimita 7 juu. Dimu yako imegeuka fuli. Na springi zetu hazishuki sentimita 5, mnazijua wenyewe. Ndiyo maana wanakupigia fuli njia nzima na wewe unawatukana, "mbona nipo dimu?" Mwenye bodaboda anayekuja haoni kitu, anakuja upande wako.

Angalia karibu na usukani kama kuna kigurudumu kidogo chenye namba kuanzia 0. Wengi hawajawahi kukigusa. Kazi yake ni hiyo: gari tupu weka 0, ukipakia ongeza namba, taa zinashuka. Kama gari lako halina, na safari zako za usiku ni za kwenda na mzigo huku kurudi ukirudi mchana, basi pangilia taa kwa skrubu gari likiwa limepakiwa. Ukirudi tupu usiku zitamulika karibu, hapo punguza mwendo.

Safari yako ijayo, mkishamaliza kupakia na kabla ya kufunga turubai, rudisha gari mita 5 kutoka ukuta wa ghala na uwashe dimu. Ni kazi ya dakika tano. Yule kijana nilimfanyia hivyo kwenye gari alilokodi wakati lake likinyooshwa, mstari ulikuwa juu ya chaki kwa kiganja kizima.

Wiki ijayo kantangaze, na nitawaonyesha mitego ninayoitumia.