Ratiba Inapogongana

Wanachuo wenzangu, kila muhula ukianza kilio ni kilekile: vipindi vimegongana. Nami nilikuwa mstari wa mbele kulalamika, mpaka nilipokwenda mazoezi ya kufundisha karibu na Rusumo, wilayani Ngara. Siku ya tatu mwalimu wa taaluma akaniita: "Mwalimu, si wewe ni mtu wa hesabu? Hebu tupangie ratiba."

Nilikaa na penseli na kifutio siku nne. Nikimhamisha mwalimu wa fizikia kutoka Kidato cha Pili, anagongana Kidato cha Nne. Basi namrudisha alikokuwa. Mwishowe Kidato cha Kwanza wakapungukiwa kipindi kimoja cha hisabati kwa wiki, na kosa lilikuwa langu.

Niliporudi chuo ndipo nikasoma kazi za Allen Mushi, mwanahisabati wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2004 alichapisha makala kuhusu ratiba ya mitihani ya chuo hicho, na mwaka 2006 nyingine kuhusu ratiba ya masomo. Fani yake ni kutafuta mpangilio bora kati ya mingi inayowezekana. Mingi kiasi gani? Vipindi 10 tu hupangika kwa namna 3,628,800. Vikiwa 15, ni zaidi ya trilioni 1.3. Kwa ratiba ya chuo kizima, hata kompyuta haiwezi kuzijaribu zote.

Makala ya 2006 ilitumia njia ya mwiko, ambayo Mmarekani Fred Glover aliipa jina mwaka 1986. Iko hivi:

1. Anza na ratiba yoyote, hata mbovu, uhesabu migongano.
2. Jaribu kuhamisha vipindi, uchague hamisho lenye migongano michache, hata kama limezidisha kidogo ile ya mwanzo.
3. Kwa hatua kadhaa, ni mwiko kukirudisha kipindi hicho kilikotoka.
4. Tunza ratiba bora kuliko zote ulizopitia.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilikataa kila badiliko lililoleta mgongano mpya, nikawa nazunguka palepale.

Sisi wa ualimu, ratiba tutakabidhiwa tu. Karatasi ile bado ninayo. Nimeipitia upya kwa hatua hizi, na kipindi kilichokosekana kimepata nafasi: Alhamisi, kabla ya mapumziko. Nimempigia mwalimu wa taaluma. Amecheka, akasema, "Ilete, Mwalimu. Watoto bado wanakidai."