Homoni za Uzazi wa Kondoo na Usalama wa Mfugaji

Mpwapwa ni mji wenye historia ndefu ya utafiti wa mifugo, na wilayani humo kondoo na binadamu huishi karibu. Uzazi wao una mafunzo kwa afya ya jamii.

Kondoo jike asiye na mimba hurudia joto kila baada ya siku 17 hivi. Yai likitoka, ovari hubaki na tezi ya muda itoayo projesteroni, homoni inayoutuliza mfuko wa uzazi. Mimba isipotunga, mfuko wenyewe hutoa prostaglandini. Tezi husinyaa na joto hurejea. Mimba ikitunga, kiinitete hutoa interferoni tau, nayo huizuia prostaglandini hiyo.

Kwa mwanamke, mfuko wa uzazi hauiamuru ovari namna hiyo. Hata hivyo, prostaglandini huukaza. Ndiyo chanzo kikuu cha maumivu ya hedhi.

Kwa hiyo, dawa za prostaglandini wanazodungwa mifugo ili wapate joto kwa pamoja zina hatari, kwani hupenya ngozi. Zaweza kuharibu mimba na kubana pumzi ya mwenye pumu. Mjamzito na mwenye pumu wasizishike. Wengine wavae glavu, na ngozi iliyodondokewa ioshwe mara moja kwa maji na sabuni.

Mjamzito mfugaji anapofika kituoni akitokwa damu, mhudumu aulize pia kama ameshika dawa hizo, au kondoo aliyeharibu mimba, kwa kuwa homa ya Bonde la Ufa na bruselosisi huambukiza kwa njia hiyo.