Sindano ya Mifupa: Si Lazima Kila Mwezi

Mzee wa Tseikuru akiwa na kliniki ya saratani Nairobi, safari yake huanza jana yake. Atalala kwa jamaa Mwingi, au atapanda gari usiku wa manane, mgongo ukimuuma kila tuta. Akifika anawekewa dripu ya robo saa, kisha anaambiwa arudi baada ya wiki 4. Ukipiga hesabu ya nauli, chakula na kijana wa kumsindikiza, mbuzi wanaisha zizini mmoja mmoja. Na mara nyingi safari hizo zingeweza kupungua hadi moja kwa kila miezi mitatu, bila mifupa yake kupata hasara yoyote.

Kabla ya kufika huko, hakikisheni nyumbani mnajua mzee anachomwa nini. Saratani ya tezi dume, ambayo ndiyo inayoongoza kwa wanaume Kenya, ikisambaa hupenda kukaa kwenye mifupa: uti wa mgongo, nyonga, mbavu. Hapo mgonjwa huishia na sindano za aina mbili, na majina yake yanachanganya hata wauguzi. Zoladex ni ya homoni. Huchomwa chini ya ngozi ya tumbo, ya miligramu 3.6 kila siku 28 au ya miligramu 10.8 kila wiki 12. Asidi ya zoledroniki, ambayo wengine huijua kwa jina la Zometa, ni ya mifupa, nayo hupitia kwenye mshipa. Nunueni daftari la kurasa 32. Andikeni jina la dawa lilivyo kwenye kichupa, miligramu na tarehe. "Alichomwa ile ya mwezi uliopita" si jibu la kumpa daktari.

Swali la pili ni kwa nini anachomwa, maana ratiba hutokana na sababu. Kama saratani bado inasikia dawa ya homoni, yaani PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, imeshuka na imetulia, dripu za mara kwa mara hazina faida kubwa. Utafiti wa Uingereza uitwao STAMPEDE, uliochapishwa 2016, uliwapa wanaume wa namna hiyo asidi ya zoledroniki na haukuona ikiwaongezea maisha. Kinachowatisha hao ni mifupa kudhoofika kwa sababu homoni ya kiume imezimwa. Kwa hilo dozi hutolewa kwa nafasi ndefu zaidi: denosumabu ya miligramu 60 kila miezi 6, au dripu ya zoledroniki mara moja kwa mwaka, au vidonge vya alendroneti mara moja kwa wiki. Mzee wa kundi hili akiambiwa aje kwa dripu kila mwezi, ulizeni kwa upole ni kwa nini.

Saratani ikishakuwa sugu kwa homoni na imo mifupani, hapo ndipo sindano hizi za mifupa zina kazi ya kweli. Huchelewesha kuvunjika kwa mifupa na kubanwa kwa uti wa mgongo, na huwapunguzia wengi haja ya mionzi ya kutuliza maumivu. Haziui saratani. Nimesikia familia zikiziita "kemo ya mifupa", na jina hilo limewafanya wazee wengine wadhani wakikosa dozi moja wamekwisha.

Desturi ya wiki 4 ilitokana na jinsi dawa ilivyojaribiwa mwanzoni. Kisha mwaka 2017 jarida la JAMA likachapisha utafiti wa Marekani wa wagonjwa 1,822 wenye saratani mifupani, 689 kati yao wakiwa wa tezi dume. Nusu walipewa zoledroniki kila wiki 4, nusu kila wiki 12, kwa miaka miwili. Waliopata balaa la mifupa, kama kuvunjika au kuhitaji mionzi, walikuwa asilimia 29.5 upande wa kila mwezi na 28.6 upande wa kila miezi mitatu. Hakuna tofauti ya maana, na figo ziliumia kidogo zaidi kwa waliochomwa mara nyingi. Sababu ya ratiba hizo mbili kulingana si ngumu: dawa hii hujishikiza kwenye mfupa na kukaa humo muda mrefu. Ndiyo maana pia Mto Tiva ukifurika mvua za Novemba na mzee akachelewa wiki mbili, hakuna haja ya kuhangaika.

Denosumabu haina uvumilivu huo. Ya saratani iliyo mifupani ni miligramu 120 kila wiki 4, chini ya ngozi. Katika utafiti wa 2011 ilichelewesha balaa la kwanza la mifupa hadi miezi 20.7, dhidi ya 17.1 ya zoledroniki. Ni nafuu iliyopo, ingawa kwa mtu wa Ikutha au Kathonzweni mimi ningeipima na bei pamoja na idadi ya safari. Ikiachwa ghafla, mifupa huweza kudhoofika kwa kasi, na pingili za mgongo kuvunjika. Basi msiirefushe wenyewe kwa kuiga ratiba ya zoledroniki. Kama fedha zinaelekea kuisha, mwambieni daktari mapema ili apange dawa ya kuifuata. Halafu dawa hii hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Kuinunua famasi ya Nairobi na kuibeba mfukoni hadi Kibwezi kwenye joto lile ni kutupa pesa. Ibebeni kwenye kisanduku cha baridi, na barafu isiguse dawa.

Mkiwa na zoledroniki, sentensi ya kumwambia daktari ni hii: "Daktari, mzee anaweza kupewa dripu ya mifupa kila wiki 12, siku moja na ile sindano ya homoni ya miezi mitatu?" Huenda akataka kuanza na dozi chache za kila mwezi kwa mwenye maumivu makali, na hilo ni lake kuamua. Ombeni pia barua ili dripu itolewe hospitali ya rufaa ya kaunti, Kitui au Wote, ikiwa dawa inapatikana. Haihitaji mashine ya ajabu. Na kwa kuwa bima ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ina kikomo cha mwaka kwa saratani, ulizeni kila dripu inakatwa wapi.

Figo hupimwa kabla ya kila dripu ya zoledroniki. Zikiwa zimeshuka dozi hupunguzwa, zikiwa dhaifu sana haitolewi kabisa. Mzee anywe maji ya kutosha asubuhi hiyo. Na zile diklofenaki za kununua dukani kila mgongo ukiuma ziachwe, maana ndizo zinazoziua figo kimyakimya. Aombe dawa nyingine ya maumivu.

Meno yaonwe kabla ya dozi ya kwanza, na yaliyooza yang'olewe, kidonda kipone. Kung'oa jino baadaye kunaweza kuacha mfupa wa taya ukifa, jambo adimu lakini baya. Apewe pia kalisi na vitamini D kila siku, isipokuwa daktari akikataza. Uji wa wimbi, maziwa na kunde husaidia ila havitoshi peke yake. Ganzi midomoni au vidole kukakamaa ni dalili kwamba kalisi imeshuka, na denosumabu huishusha zaidi.

Baada ya dripu ya kwanza homa na maumivu ya mwili ya siku mbili tatu ni kawaida, parasetamo inatosha. Homa isipoisha, apimwe malaria na mengine.

Jambo moja halisubiri wiki 12 wala wiki moja. Mzee mwenye saratani mgongoni akianza kulegea miguu, akapata ganzi kiunoni, au mkojo ukakataa kutoka, uti wa mgongo unabanwa. Apelekwe hospitali kubwa siku hiyohiyo, amelazwa chali, asipandishwe bodaboda.