Konzi ya Unga: Somo la Jumuiya Ndogo Ndogo Kuhusu Mjane wa Sarepta



Somo letu safari hii liko katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 17, kuanzia aya ya 7 mpaka mwisho. Katekista au kiongozi wa jumuiya alisome kwa sauti, pole pole, mara mbili. Baadaye fungeni kitabu mkae kimya kidogo, kwa maana hili ni somo ambalo kila mtu anadhani analijua.

Habari yenyewe ni ya ukame. Mfalme ni Ahabu, mkewe Yezebeli ametoka Sidoni, na nabii Eliya ametangaza kwamba mvua haitanyesha. Bwana Yesu alipoitaja habari hii kule Nazareti (Luka 4:25-26) alisema ni miaka mitatu na miezi sita. Sisi wa huku hatuhitaji kuelezwa miaka ya namna hiyo ikoje. Tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano mfululizo mvua haikufaa katika sehemu kubwa za kaskazini na mashariki ya Kenya. Mifugo zaidi ya milioni 2 walikufa, na watu zaidi ya milioni 4 walihitaji chakula cha msaada. Wazee wa Ukambani huzipa njaa zao majina. Moja ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanaiita Nikw'a Ngwete, yaani nafa nikiwa nimeshika: pesa iko mkononi, chakula cha kununua hakuna.

Sasa tazameni aya ya 7, ambayo wengi huiruka. Kijito alichokuwa akinywa Eliya kilikauka. Kilikauka kwa ukame uleule alioutangaza yeye mwenyewe. Mungu hakumchimbia nabii kisima cha peke yake. Maji yalipokwisha, Eliya aliondoka kama anavyoondoka mtu yeyote mwenye jerikeni tupu.

Tunakazia jambo hili kwa sababu wakati wa ukame ule tulisikia maneno mabaya majumbani mwa watu. Mama mmoja alikuwa na mbuzi kumi na tisa, akabaki na wawili. Waliokuja kumfariji walimwambia achunguze maisha yake, eti mifugo ya mtu anayesali haifi namna hiyo. Mama yule akaacha kuja kanisani. Hakuwa amekasirika, aliona haya tu. Wacha tuulize basi: kama kila mwenye shida amejiletea, mbona kijito cha nabii kilikauka?

Ni kweli, katika sura ya 18 aya ya 18 Eliya anasema ukame umeletwa na dhambi. Lakini lawama anaipeleka kwa mfalme, hampelekei mjane. Hata kwetu kuna ukame wenye mkono wa mtu ndani yake. Malori yakizoa mchanga mtoni usiku, maji yaliyokuwa yakikaa ndani ya mchanga ule hupotea. Dhambi hiyo ina wenyewe, na si yule nyanya anayeteka maji kwa kibuyu katika shimo alilochimba asubuhi.

Tuje kwa mjane. Anaokota kuni mlangoni mwa mji. Ana konzi ya unga na mafuta kidogo, na anasema wazi kwamba atapika, yeye na mwanawe wale, halafu wafe. Hapambi maneno. Wala Eliya hamkemei kwa kukosa imani. Anamwambia asiogope, kisha anaomba jambo gumu: amtengenezee yeye kwanza mkate mdogo.

Hapa lazima tuseme ukweli, kwa sababu aya hii imetumiwa vibaya. Kuna wahubiri wanaoisoma mbele ya watu wenye njaa na kuwaambia wapande mbegu, watoe hata ile nauli ya mwisho, ndipo Mungu awafungulie. Watu wametoa na kurudi nyumbani kwa miguu. Someni vizuri. Eliya hakuwa na gari nje. Alikuwa na njaa kama ya yule mama. Ahadi aliyotoa aliitoa kwa neno alilopewa na Bwana, na aya ya 15 inatuambia wakala siku nyingi, mama, nabii na watu wa nyumba ile. Nabii alibaki palepale, akila kutoka mtungi uleule. Yeyote anayekuja kuomba konzi yako ya mwisho, mwangalie kama atakaa nawe mpaka mvua inyeshe.

Kumbukeni pia kwamba mama huyu hakuwa wa taifa la Israeli. Alikuwa mtu wa kwao Yezebeli. Nazareti walimkasirikia Yesu kwa kukumbushwa hivyo tu. Wanaoandika orodha ya chakula cha msaada na kuuliza kwanza mtu ni wa ukoo gani au dini gani, waisome aya hiyo ya Luka kabla ya kuchukua kalamu.

Na muujiza wenyewe, hebu uangalieni. Mtungi haukujaa. Maandiko yanasema tu kwamba unga haukwisha. Kila asubuhi mama aliinama akakuta unga, na kesho yake akainama tena bila kuona akiba yoyote. Sisi tungependa gunia. Mara nyingi tunachopata ni gorogoro moja kutoka kwa jirani, halafu siku ya tatu mtoto wa dada anatuma kitu kidogo kwa simu, halafu chama kinakubali kuahirisha deni. Katika nyumba tulizozitembelea, ndivyo watu walivyovuka mwaka 2022. Wengine walikula hata mbegu za ndengu na kunde, na mvua iliporudi 2023 hawakuwa na cha kupanda. Hatuwezi kuwahukumu. Lakini jumuiya inaweza kuweka mbegu pamoja mapema, kwenye debe lenye kifuniko kizuri na majivu yaliyochekechwa, ili asiachiwe mama mmoja kuamua kati ya mtoto na shamba.

Wengi huishia hapo, kwenye unga. Kumbe habari inaendelea. Mtoto wa mama yule anaugua na kufa, ndani ya nyumba ileile yenye mtungi usiokwisha. Ndipo mama anapopasuka. Anamlaumu nabii, na anauliza kama amekuja kumkumbushia dhambi zake. Yaani hata yeye, bila kuambiwa na jirani, alidhani ni adhabu.

Eliya hamjibu kwa mahubiri. Anamwomba mtoto, anamtoa kifuani mwake, anapanda naye chumba cha juu. Na akiwa peke yake na Mungu (aya ya 20) anamwuliza Mungu kama amemtendea mabaya hata mjane aliyempa mahali pa kukaa. Nabii mzima, analalamika! Mungu hakumkasirikia. Alimsikia, na mtoto akaishi. Tunajua nyumba ambazo mtoto hakurudi, na hatutadanganya mtu kwamba waliomba vibaya. Tunachoweza kufanya ni kile alichofanya Eliya kabla ya muujiza: kupokea mzigo kifuani mwa mama, na kulia naye badala ya kumweleza.

Maswali ya mkutano wa juma hili: Katika mtaa wetu, ni nani aliyeacha kuja kwa sababu ya haya, na nani atakwenda kwake kabla ya Jumapili? Je, tuna mbegu za pamoja, na funguo anazo nani? Mwisho someni tena aya ya 20, kisha anayetaka kumlalamikia Mungu alalamike kwa maneno yake, na wengine wasimkatize wala kumsahihisha.