Shaba Hailiwi

Mababu wa Katanga walikuwa na msemo wa ajabu. Kwenda kuchimba na kuyeyusha shaba walikuita "kula shaba." Mwaka 1926 Monsinyori de Hemptinne, Mbenedikto, aliandika habari za wahunzi hao, na jina la "walaji wa shaba" likajulikana hata Ulaya.

Lakini angalieni majira yao. Walingoja kwanza mtama uvunwe na kuwekwa ghalani. Ndipo, kiangazi kilipoanza, walipokwenda mlimani. Mvua ilipokaribia waliyashika tena majembe. Shaba waliifanya vipande vya umbo la msalaba, vikatumika kama fedha hata nchi za mbali.

Siku hizi utaratibu huo umepinduka. Kongo hutoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, ambayo hutiwa katika betri za simu na za magari ya umeme, na nyingi yake hutoka Kolwezi na kandokando yake. Walakini unga wa bukari unaoliwa huko, sehemu kubwa huletwa na malori kutoka Zambia. Mwezi wa Februari 2024 serikali ya Zambia ilitangaza kwamba ukame umekuwa msiba wa taifa zima. Mahindi hayakuwatosha hata wenyewe. Basi, mji uliokalia utajiri ulikuwa ukitazamia mvua ya jirani.

Shamba la muhogo likitunzwa vema hulisha baba, mwana na mjukuu. Jiwe la kobalti likiisha kutolewa, halioti tena, na juu ya shimo hapalimiki. Katika mtaa wa Kasulo, mjini Kolwezi, kobalti ilionekana mwaka 2014 chini ya viwanja vya watu. Wakachimba uani, wengine hata ndani ya nyumba zao. Mwaka 2018 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walitangaza kwamba wakazi wa Kasulo, hasa watoto, walikuwa na kobalti nyingi katika mkojo kuliko watu wa mtaa wa karibu, kwa sababu ya vumbi. Hao ndio waliokula madini kweli!

Simlaumu kijana ashukaye shimoni. Karo ya shule hailipwi kwa mihogo mibichi. Lakini ajue haki yake. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 yaagiza hivi: katika ushuru utozwao juu ya madini yauzwayo, 15 kwa mia ni ya utawala wa mahali yanapochimbwa, na 10 kwa mia ni akiba ya vizazi vijavyo.

Maulizo ya kujadiliana:

Fedha ya shamba lililouzwa itanunua unga wa miaka mingapi?

Kijijini petu, ni nani awezaye kutueleza ile 15 kwa mia imefanya kazi gani?

Mwaka huu, ghala zetu zina chakula cha miezi mingapi?