Ukinunua Albamu Moja kwa Moja kwa Bendi, Soma Jina Kwanza

Mwaka jana nilituma shilingi 1,800 kwa bendi moja ya metali ya hapa Nairobi. Nilitaka CD na fulana, zawadi ya kakangu mdogo ambaye hupiga gitaa hadi jirani agonge ukuta. Ukurasa ulikuwa na nembo yao, picha zao, hata video ya shoo. Lakini nambari ilikuwa ya mtu mwingine kabisa. Nilichezwa, na ninafanya kazi kwenye kampuni ya malipo. Cheka tu.

Sijaacha kununua. Muziki huu hapa kwetu hauna lebo kubwa nyuma yake. Albamu ya Duma ya 2020 ilitolewa na Nyege Nyege Tapes, lebo ndogo ya Kampala. Lord Spikeheart, aliyekuwa sauti ya Duma, alitoa The Adept mwaka 2024 kupitia lebo yake mwenyewe, Haekalu. Wengine hujilipia studio, wanatengeneza CD chache na kuziuza mezani baada ya shoo. Ukilipa kwa simu, pesa inafika usiku huohuo. Hata Bandcamp, ambayo ni rafiki wa wasanii, hukata asilimia 10 kwa CD, kanda au santuri, kabla ya ada za malipo.

Sasa, unatuma kwa nambari gani? Kama bendi ina till, lipia hapo: kwa kawaida mnunuzi hakatwi ada, na risiti inabeba jina la biashara. Lakini bendi nyingi hutumia laini ya mmoja wao, na hapo ndipo mambo huchanganyika. Jukwaani mtu anaitwa jina la kutisha. Kwenye simu linatokea lile la kitambulisho. Majina kutofautiana si ushahidi wa wizi. Kwa hivyo uliza mapema: "Nikituma, litatokea jina gani?" Usiulize ukurasa uleule unaokuuzia tu. Tafuta njia nyingine ya kuwafikia, kwa mfano akaunti iliyounganishwa na ukurasa wao wa Bandcamp, au mtu uliyekutana naye kwenye shoo. Jina likitokea kwenye simu, lilinganishe na uliloambiwa kabla hujakubali. Mimi niliharakisha hapo.

Kuna pia kulipia mapema ili bendi ipate pesa ya kutengeneza nakala. Hilo ni sawa, ila uliza nakala ni ngapi, zitatoka lini, na zikichelewa itakuwaje. Majibu yawe kwa maandishi, na usifute ujumbe wa muamala. Kama uko Kisumu au Mombasa, kubalianeni nani analipia mzigo. Mimi hupenda kulipa nauli ya mzigo mwenyewe ninapouchukua.

Ukikosea tarakimu moja, omba kurudishiwa papo hapo, kabla aliyepokea hajatoa. Ila kutapeliwa ni kesi nyingine, maana wewe mwenyewe ulikubali kutuma. Ripoti kwa huduma kwa wateja na polisi, ukiwa na nambari ya muamala na picha za mazungumzo. Na yeyote atakayekupigia akitaka PIN "ili akurudishie", mkatie simu.

Kwa bendi za nje utahitaji kadi. Angalia bei kwa shilingi, ongeza posta, na ukumbuke mzigo unaweza kudaiwa ushuru na VAT ya asilimia 16 ukiingia nchini.

CD ya kakangu tuliipata baadaye, mezani, baada ya shoo. Jina lililotokea kwenye simu lilikuwa la mwanamke. Nikasita, nikauliza. Kumbe ni mamake mpiga besi, na ndiye aliyekuwa ameketi nyuma ya meza, akizikunja fulana.